Machela na Mfuko

Hotuba iliyosemwa mbele ya waamini na walimu wa vigango, siku za Jubilei



Tumeagizwa kusema maneno machache juu ya kazi moja ambayo sote twaisifu sana kwa midomo, lakini twaitunza kidogo kwa mikono. Ni kazi ya watu wajitoleao kwenda kumtafuta aliyepotea porini, kumshusha aliyevunjika mguu mlimani, kumtoa aliyezama majini, na kumbeba mgonjwa mahali pasipopita gari. Watu hao hawana mshahara. Mmoja ni mkulima, wa pili fundi wa baiskeli, wa tatu mwalimu wa shule. Walakini yowe likipigwa, huyu huweka jembe chini, yule huweka spana, wakaenda. Leo hatukuja kuwasifu, kwani sifa wanazo tele. Tumekuja kuuliza: Ni nani anunuaye kamba yao? Ni nani alipaye betri za kurunzi zao? Na siku tatu wasipokuwako nyumbani, watoto wao wala nini?

Huenda mzee mmoja akatuambia: "Habari za kuokoa watu milimani zatuhusu nini sisi watu wa Tabora? Nchi yetu ni tambarare, ni miombo na mashamba ya mpunga na karanga." Neno lake ni la haki, nasi twamjibu hivi. Mji huu wa Tabora ni mtoto wa njia. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo ikafika hapa, na kutoka hapa ikaenda Ujiji; nayo ilipanda milima, ikakata nyika, ikavuka mito; na katika njia ile watu walianguka, wakapotea, wakatafutwa, wakabebwa. Babu zetu Wanyamwezi walijulikana pwani na bara kwa kazi ya kubeba. Kama wako watu wawezao kufahamu gharama ya kumbeba mwanadamu mwenzao, basi ndio sisi.

Kwanza tuitazame njia yenyewe. Msafara ukitoka pwani ulikwenda hata milima ya Usagara, ukapanda Rubeho penye baridi na upepo, ukashuka Ugogo kwenye kiu na hongo, halafu ukaingia Mgunda Mkali, pori la siku nyingi, hata kufika Tura, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi. Ndipo Kwihara na Tabora. Mpagazi alichukua ratili sitini au sabini, yaani kilo thelathini hivi, na juu yake mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Mzigo ulikuwa umeandikwa katika daftari ya tajiri pamoja na bei yake. Mpagazi aliyeugua hakuandikiwa bei. Wengi walioshindwa waliachwa kando ya njia, hasa ndui ilipoingia katika msafara. Tusiwahukumu upesi waliowaacha. Posho ilikuwa imepimwa kwa siku. Kungoja siku moja porini ilikuwa njaa ya watu mia. Huruma ilikuwamo mioyoni mwao, lakini huruma ile haikuwa na chakula cha kungojea. Hapana fungu lililowekwa kwa ajili ya mtu aangukaye. Kwa hiyo aliyeanguka alibaki.

Tazameni jambo lililotukia juu ya Rubeho mwezi wa Septemba 1857. Waingereza wawili, Burton na Speke, walipanda mlima ule wote wawili wakiwa na homa. Speke alidhoofika hata akapanda kwa kushikwa na watu, na baadaye homa ikampanda kichwani, akawa anapayuka, msafara ukasimama kwa ajili yake. Ndipo akachukuliwa kwa machela. Tarehe 7 Novemba walifika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, wakiwa hai. Kwa nini hakuachwa? Kwa sababu mkuu wa msafara alikuwa na nguo na shanga za kuwapa wabebaji. Mpagazi mwenye homa ile ile, juu ya mlima ule ule, hakuwa na machela. Homa yao ilikuwa moja, na mlima ulikuwa mmoja. Mfuko ndio uliowatenga.

Neno hilo tulishike, kisha tuendelee na njia yetu, kwani miaka michache baadaye Tabora iliona jambo kubwa zaidi: watu wa nchi ya mbali walichanga fedha ili mtu mmoja aliyepotea bara atafutwe. Mtu huyo ni Dr Livingstone. Katika habari zake mna mafundisho matatu juu ya mfuko wa uokoaji, nasi twapenda walimu wayashike, wawafundishe watoto.

Livingstone aliingia bara mwaka 1866, na habari zake zikakatika. Serikali ya Uingereza ikatoa fedha, vitu vikanunuliwa Unguja, misafara ikatumwa ya kumpelekea nguo na shanga. Kwa mara hiyo fedha hazikukosekana. Kilichokosekana ni mtu mwaminifu wa kwenda nazo mpaka mwisho. Mzigo mmoja ulifika Ujiji, na msimamizi wake akauza vitu vyote. Livingstone aliporudi Ujiji mwezi wa Oktoba 1871, amechoka, mgonjwa, akitumaini kukuta akiba yake, alikuta imekwisha. Mzigo mwingine ulikaa Bagamoyo siku nyingi, kisha ukakwama hapa petu Unyanyembe, kwa sababu ya vita baina ya Waarabu na Mirambo. Pamoja na mzigo ule kulikuwa na mfuko wa barua, na juu yake imeandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alifika Unyanyembe Juni 1871, akaukuta umelala. Akauchukua hata Ujiji, na kwa hesabu yake mwenyewe akamkabidhi mwenye barua zake Novemba 1871. Mwaka mzima, kwa njia ambayo msafara mwepesi huweza kuimaliza kwa miezi michache!

Hili ndilo fundisho la kwanza: changizo lisilo na mtu wa kulisimamia ni mzigo uliolala Bagamoyo. Watoaji wamelala usingizi mzuri wakidhani wameokoa, na yule aliyepotea bado yu njaa.

La pili ni hili. Mwanzo wa mwaka 1872, kabla habari za Stanley hazijafika Ulaya, Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilitangaza changizo la watu wote, ili kupeleka msafara wa kumtafuta Livingstone. Watu wengi walitoa, na msafara ukatumwa. Viongozi wake walifika Unguja, wakavuka hata Bagamoyo. Hapo wakasikia ya kuwa Stanley amekwisha kumwona, naye yu njiani kurudi. Mkuu wao akajiuzulu, na msafara ukavunjika kabla ya kuiona hata Usagara.

Huku nyuma Livingstone alikuwa ameketi Kwihara, mwendo mfupi kutoka hapa, katika tembe ambalo mahali pake pametunzwa kama makumbusho hata leo. Hakutaka kurudi kwao kabla ya kumaliza uchunguzi wake, lakini hakuwa na watu. Stanley aliagana naye Machi 1872, akashuka pwani, akachagua watu 57 wa kumpelekea. Livingstone akangoja Aprili, akangoja Mei, Juni na Julai. Watu walifika tarehe 14 Agosti, na tarehe 25 akaondoka nao. Miezi mitano alihesabu siku, yeye ambaye nguvu zake zilikuwa zikipungua kila mwezi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wasema watu wa pwani. Nasi twaongeza ya kuwa humaliza na uhai pia.

Lakini changizo lile lilikuwa limebakiza fedha. Zingeweza kugawanywa, au kuingizwa katika karamu na mambo mengine. Hazikugawanywa. Ziliwekwa kwa kusudi lile lile, na kwa masazo hayo ukatumwa msafara mwingine mwaka 1873, chini ya Cameron, ofisa wa jeshi la majini. Pamoja naye alikuwamo kijana mmoja, Robert Moffat, mpwa wa Livingstone. Huyu aliuza shamba lake la miwa huko Natal ili aje kumsaidia mjomba wake, akafa kwa homa njiani mwezi wa Mei 1873, hajauona Unyamwezi. Fundisho la pili ni hilo: fungu la uokoaji halina siku ya kufungwa. Likisaza leo, litunzwe. Kwani mtu wa kesho hajaanguka bado, nasi hatujui ni nani.

La tatu ndilo lituguso sana sisi watu wa njia hii. Livingstone alifariki mwanzo wa mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Siku zake za mwisho alibebwa kwa machela, maana hakuweza tena kutembea. Alipokufa, watu wake walifanya shauri. Ujira wao ulikuwa wa kumfuata akiwa hai. Hapana mkataba uliowataka wairudishe maiti. Wangeweza kumzika pale, wakaenda makwao, wala asingewalaumu mtu. Wakaazimu kumrudisha kwao. Moyo wake wakauzika chini ya mti, mwili wakaukausha, na Jacob Wainwright, kijana aliyesoma shule ya Nasik karibu na Bombay baada ya kuokolewa utumwani, akachonga maandishi katika mti ule. Halafu wakaondoka, Susi na Chuma wakiwaongoza. Walikuwamo na wanawake, kama Halima mpishi. Wengi wa watu hao majina yao hatuyasikii yakitajwa.

Oktoba 1873 walifika hapa Kwihara, wakamkuta Cameron, mgonjwa wa homa. Aliwashauri wamzike papa hapa, kwa ajili ya hatari zilizo mbele. Wakakataa. Walipofika Kasekera, wenyeji wakazuia maiti isipite; basi wakaifunga upya kama mzigo wa nguo wa kawaida, wakaonyesha kana kwamba wameirudisha nyuma kuizika, wakapita. Februari 1874 waliingia Bagamoyo, na mwili ukapokewa katika misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Zaidi ya kilomita 1,600, kwa miguu, kwa miezi kama tisa.

Je, walilipwa nini? Walipewa ujira wao, wakaagwa, wakatawanyika. Maziko yalipofanyika London tarehe 18 Aprili 1874, mmoja tu katika kundi lile ndiye aliyekuwako, yaani Jacob Wainwright. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye, kwa gharama za rafiki mmoja wa Livingstone. Kile Chama cha Jiografia kilitengeneza medali sitini kwa ajili ya watu wale waaminifu. Lakini medali zilipofika Unguja, wengi walikuwa wamekwisha kwenda zao, hawakuonekana. Fundisho la tatu: waliobeba mzigo huandikwa mwisho katika hesabu, na heshima ya kuchelewa haimkuti mwenyewe. Kama twataka kuwatunza wajitoleao, tuwatunze wangali wakionekana.

Njia hiyo hiyo ndiyo iliyowaleta mapadre wetu wa kwanza mwaka 1878, na mmoja wao, Padre Pascal, alifia Ugogo kabla ya kufika Tabora. Kwa hiyo jubilei yetu nayo imesimama juu ya mabega ya watu waliobeba na waliobebwa. Si kitu kigeni tunachowaomba.

Sasa tuache habari za zamani, twende milimani penyewe, tuone kama mambo yamegeuka.

Septemba 1970, madaktari wawili vijana wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walifika karibu na kilele cha Batian juu ya Mlima Kenya, chenye mita 5,199. Judmaier akaanguka, mguu ukavunjika, mfupa ukatokeza nje. Mwenzake akashuka kutafuta msaada. Waliopanda kumwokoa ni watu wa kujitolea wa Chama cha Wapanda Milima cha Kenya, watu wenye kazi zao za kila siku. Walihangaika katika baridi na theluji siku baada ya siku. Rubani mmoja Mmarekani, Jim Hastings, alikufa helikopta yake ilipoanguka alipokuwa akisaidia kazi ile. Mwishowe wakafika wapanda milima kutoka mji wa Innsbruck, ambao baba yake mgonjwa alijitahidi hata wakatumwa kwa ndege, nao wakamshusha pamoja na wale wa Kenya, baada ya siku kama tisa tangu kuanguka kwake. Akapona.

Fikirini jambo hili. Wale wa kujitolea hawakupungukiwa ujasiri. Lakini kumteremsha mtu aliyelala katika ukuta wa mwamba kwataka vyombo vya namna yake, na mazoezi ya siku nyingi, na vyote viwili huliwa na fedha kabla ya ajali kutokea. Judmaier alikuwa na baba aliyeweza kuita msaada kutoka ng'ambo. Je, kama angekuwa mpagazi wa mlimani, ambaye baba yake ni mkulima wa mahindi?

Kilimanjaro wamekwisha kutambua neno hili. Kila mgeni apandaye mlima ule wa mita 5,895 hutozwa ada ya uokoaji pamoja na ada nyingine za hifadhi, kabla hajapiga hatua ya kwanza. Hulipa akiwa mzima, akicheka na wenzake. Akiugua juu, machela iko tayari, ile ya chuma yenye gurudumu moja chini yake, na vijana waijuao njia humteremsha mbio. Aliyeshuka salama bila kuugua hajapoteza kitu, kwani fedha zake zimenunua machela iliyomchukua mwingine. Hiyo ndiyo maana ya mfuko.

Na tusidhani ya kuwa ni milima tu. Tarehe 6 Novemba 1922 hakukuwa na ndege Bukoba. Lakini tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43. Waliofika kwanza ni wavuvi, na mitumbwi yao na makasia yao. Watu wakafunga kamba wakaivuta ndege kwa mikono. Watu 24 walipona, 19 wakafa. Wavuvi wale walitoa walichokuwa nacho. Swali linabaki kwetu sisi tuliokuwa nchi kavu: Tulikuwa tumewapa nini kabla ya siku ile?

Uingereza nao walijifunza kwa machozi. Chama chao cha mashua za uokoaji, kilichoanzishwa mwaka 1824, hutumia watu wa kujitolea. Desemba 1886 meli ya Kijerumani iitwayo Mexico ilipatwa na dhoruba karibu na pwani yao. Mashua zikatoka kuiokoa, na waokoaji 27 wakazama usiku mmoja. Wajane na yatima wakabaki. Watu wakaona ya kuwa chama kile kimetegemea mno fedha za matajiri wachache. Basi mwaka 1891, katika mji wa Manchester, mashua zilipitishwa barabarani, na vikapu na ndoo zikapitishwa katikati ya watu wa viwandani, kila mmoja akatia senti yake. Siku ile zilipatikana zaidi ya pauni 5,000. Maskini wengi walifanya jambo ambalo matajiri wachache hawakuliweza. Haba na haba hujaza kibaba. Neno hili twalisema kila siku, wao walilitenda kwa ndoo.

Basi turudi nyumbani. Hapa kwetu mtu hupotea akirina asali katika pori, kisima humbomokea mchimbaji, shimo la dhahabu huporomoka, mto hujaa masika ukamchukua mvukaji. Serikali inalo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na namba yake ni 114. Kila mtoto wa shule yampasa kuijua. Wapo pia watu wa kujitolea wa Chama cha Msalaba Mwekundu. Lakini kati ya yowe la kwanza na gari kufika mna saa nyingi, na saa hizo ni za jirani. Katika kigango kimoja chetu mrina asali hakurudi nyumbani. Vijana wakaingia porini jioni ile ile. Usiku wa manane kurunzi zikazimika, wakarudi kijijini kubisha hodi nyumba kwa nyumba wakitafuta betri. Walimpata asubuhi, hai, mguu umevunjika, wakambeba juu ya mlango wa nyumba, kwa kuwa machela haikuwako. Alilala peke yake porini saa zote zile kwa ajili ya vitu vinavyouzwa katika duka lolote la kijijini.

Twaleta mbele yenu shauri hili, mlipime. Kila parokia iwe na Mfuko wa Waokoaji. Kila nyumba itoe shilingi mia tano kwa mwezi. Asiye na fedha atoe karanga, au asali, au kibaba cha mahindi, viuzwe. Nyumba mia mbili zikitoa hivyo, kwa mwezi ni shilingi laki moja, na kwa mwaka milioni moja na laki mbili. Hapo machela hupatikana, na kamba nzuri, na kurunzi, na mablanketi, na sanduku la dawa, na mafuta ya pikipiki. Na vijana wetu hupata kufundishwa huduma ya kwanza.

Lakini sharti tuzifuate zile nasaha tatu za njia ya misafara. Kwanza, mfuko usilale Bagamoyo: sanduku liwe na funguo tatu mikononi mwa watu watatu, mmoja wao mama, na hesabu isomwe kwa sauti mbele ya watu wote kila miezi mitatu, hata kama kilichonunuliwa ni betri mbili. Pili, masazo yasiguswe: wala kwa sikukuu, wala kwa kumpokea mgeni mkubwa, wala kwa bati la nyumba ya mwalimu, ingawa sisi walimu bati twalihitaji. Tatu, wabebaji wasisahauliwe: kijana akienda porini siku mbili, nyumba yake ipelekewe unga siku ile ile, na mtu wa kumpalilia shamba; akiumia, atibiwe kwa mfuko ule.

Wengine wanasema, "Akipewa unga si mtu wa kujitolea tena." Twajibu ya kuwa yeye ametoa mwili wake na uhai wake, unga huo haununui vitu hivyo. Unamwezesha kwenda tena mara ya pili. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Yeye ni kinga kimoja, nasi tu kinga cha pili.

Wengine wanasema, "Fedha za mifuko huliwa." Ndiyo, nyingine zimeliwa, kwa hiyo tumesema habari za funguo tatu. Lakini mtu asiyejenga ghala kwa kuogopa panya atakula nini kiangazi?

Ninyi walimu mwafahamu vema habari ya Msamaria. Twahubiri sana jinsi alivyofunga majeraha na kumpandisha yule mtu juu ya mnyama wake. Tukumbuke na jambo la asubuhi yake: alitoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa zaidi atakaporudi kama zikipungua. Alijua ya kuwa kubeba peke yake hakutoshi. Katika mtu yule mmoja machela na mfuko vilikutana. Katika parokia yetu vimetengana: vijana wanayo mabega, nasi wazee tunayo mifuko, hata kama ni midogo.

Daftari limewekwa pale mlangoni, na karani amekaa na kalamu yake. Vijana kumi na wawili wamekwisha kuandika majina yao katika ukurasa wa kushoto, kwamba watakwenda wakiitwa, mchana au usiku. Ukurasa wa kulia ni wetu, nao bado mweupe. Twawaombeni, mtu asipite mlango ule kabla ya kuutazama.

Tumemaliza. Mungu awabariki, nanyi mwende salama.